Kila Mtu na Ngwe Yake

  

Juma hili tunakusudia kulizungumzia neno moja linalosikika kila siku katika sehemu za kazi, nalo ni "shughulikia". Mwenye duka humwambia kijana wake, "Shughulikia ile mizigo." Mwalimu mkuu humwambia mwalimu wa zamu, "Shughulikia usafi." Katika muhtasari wa vikao vya kamati nyingi, ziwe za misikiti, za shule au za vyama vya ushirika, utakuta azimio lisemalo kwamba suala fulani lifuatiliwe. Sisi tunaoshika kalamu ya ukatibu tunalifahamu vyema azimio la namna hiyo. Halisemi ni nani alifuatilie, alifuatilie mpaka wapi, wala ni siku gani alete majibu. Kikao kijacho kikiwadia, kila mjumbe humtazama mwenzake, na suala huandikwa tena kwa maneno yale yale.

Anayetoa agizo la aina hiyo huwa na picha kamili kichwani mwake. Anayelipokea naye huwa na picha yake. Picha hizo mbili hazikutani mpaka siku ya lawama. Siku hiyo mkubwa husema, "Nilikwambia," na mdogo husema, "Nilifanya," na pengine wote wawili wasema kweli.

Kwa hiyo tunaliweka jambo letu wazi tangu mwanzo. Mtu aliyepewa kazi anastahiki kujua, kabla hajaianza, ni ipi kazi yenyewe, mwisho wake ni lini, atajuaje kuwa imekamilika, na malipo yake ni nini. Tena anastahiki nafasi ya kusema, kabla hajakubali, iwapo jambo hilo linawezekana. Anayemnyima mwenzake haya, kwa makusudi au kwa uzembe, anafungua mlango wa dhulma hata kama hakuikusudia.

FIQHI YA IJARA

Wanazuoni wa fiqhi walipoupanga mlango wa ijara, yaani kukodi kitu au kumwajiri mtu, waliweka sharti kwamba manfaa yanayotakiwa yajulikane na ujira nao ujulikane. Mapatano yaliyojaa giza yana kile wanachokiita gharari, na waliyakataa kwa kuwa mwisho wake ni ugomvi.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia, ni miongoni mwa nguzo za madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi katika pwani hii. Katika kitabu chake cha Minhaj anaeleza kuwa manfaa hupimwa ama kwa muda, ama kwa kazi yenyewe. Waweza kumwajiri mshonaji kwa siku, au waweza kumwajiri akushonee nguo hii. Ukiyachanganya mawili, ukasema akushonee nguo hii ndani ya mchana wa siku fulani, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu, mapatano hayo hayasihi. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine walioruhusu, nasi hatukusudii kuamua kati yao hapa. Tunaitazama hoja iliyomo. Pengine nguo itakwisha adhuhuri na mchana ungali mrefu. Pengine jua litazama na mikono ya kanzu bado haijashikizwa. Hapo mshonaji alipwe nini? Mwenye nguo atasema alinunua kanzu, na mshonaji atasema aliuza siku yake.

Ugomvi huo wa kanzu ndio uliopo leo katika maofisi, maghala na maduka yetu. Karani anaamini analipwa kwa kuwapo mezani tangu asubuhi mpaka jioni. Mkubwa wake anaamini anamlipa ili vitabu vya hesabu vifungwe kabla ya mwisho wa mwezi. Miaka inapita, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Katika Suratul Qasas tunasoma habari ya Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan akiwa mkimbizi asiye na kitu mkononi. Mzee aliyemwajiri hakuutumia unyonge ule. Alimtajia muda wa utumishi, miaka minane, na akamtajia atakachopata, yaani kumwoza mmoja wa binti zake. Miaka miwili ya ziada, ili itimie kumi, aliibainisha kuwa ni hiari ya Musa mwenyewe. Naye Musa aliyataja masharti hayo kwa kinywa chake, akamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi. Tuangalie jinsi wajibu ulivyotengwa na hisani. Katika kazi zetu hisani ya jana hugeuzwa wajibu wa leo: kijana akibaki siku moja mpaka usiku kusaidia kupakua gari, wiki ifuatayo anaulizwa kwa nini ametoka mapema.

KARANGA NA BANDARI YETU

Msomaji aweza kusema: basi tutaje tarakimu na tarehe, yatakuwa yametosha. Hayatoshi, na ushahidi tunao hapa hapa kusini. Bandari ya Mtwara tunayojivunia, yenye kina cha kupokea meli kubwa, ilijengwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga wa serikali ya Kiingereza.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wananchi wa Uingereza walikuwa wakigawiwa mafuta ya kula kwa kipimo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa Company, alipeleka wazo kwa serikali yake kwamba karanga zilimwe kwa matrekta katika Afrika Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ukazunguka kwa majuma machache na kuandika taarifa yake. Mwaka 1947 mpango ukatangazwa: ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na katika mwaka wa kwanza pekee ekari 150,000. Kongwa ikatangulia, Urambo na Nachingwea zikafuata, na reli ikajengwa kutoka pwani ya kusini mpaka Nachingwea.

Lengo hilo lilikuwa na tarakimu na lilikuwa na tarehe. Hata hivyo, mwaka 1947 ulipokwisha, ekari zilizopandwa Kongwa hazikufika 10,000. Matrekta mengi yalikuwa makuukuu, na vichaka na mizizi vikayavunja. Udongo wa huko, mvua ikikatika, ulikauka ukawa mgumu mithili ya saruji. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na hasara yake ikahesabiwa kuwa kiasi cha pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, karanga zilizokusudiwa kupita hapo zikiwa hazipo. Reli nayo ikafungwa mapema katika miaka ya 1960.

Tuna mafunzo matatu katika habari hiyo. La kwanza ni kwamba wenyeji wa Ugogo walijua kwa urithi wa wazee wao kuwa mvua ya nchi yao haiaminiki, lakini hesabu ya ekari 150,000 iliandikwa mbali nao. Mafundi na vibarua waliotakiwa kuitimiza waliikuta imekwisha andikwa. Lengo ambalo mtendaji hakuulizwa ni ndoto ya mwingine aliyobebeshwa yeye.

La pili, kilichohesabiwa ni ekari, ilhali mlaji wa London alihitaji mafuta. Ekari iliyofyekwa haikaangi samaki. Nasi hufanya vivyo hivyo tunapomsifu mwalimu wa madrasa kwa wingi wa juzuu alizowapitisha watoto, bila kumsikiliza mtoto mmoja akisoma. Au tunapomhesabia karani idadi ya barua alizoandika, bila kuuliza ni ngapi zilizopata majibu.

La tatu, lengo likidhihirika kuwa haliwezekani, lirekebishwe mapema na kwa uwazi. Aibu ya kulipunguza lengo mwezi wa pili ni ndogo kuliko hasara ya kulishikilia mpaka mwaka wa nne.

SHERIA YA NCHI INASEMAJE

Wapo waajiri wanaodhani kwamba kuandikiana ni jambo la makampuni makubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi anapoanza kazi. Humo hutajwa kazi atakayofanya, mahali pa kazi, saa za kazi, ujira, tarehe ya kuanza, na aina na muda wa mkataba. Asiyeyaelewa maandishi aelezwe kwa namna atakayoielewa. Mambo hayo yakibadilika, mwajiri ashauriane na mwajiriwa na amjulishe kwa maandishi. Wanaotolewa katika sharti hili ni wale wanaofanya kazi kwa mwajiri chini ya siku 6 kwa mwezi.

Kuna jingine ambalo wengi hawalijui. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotolewa chini ya sheria hiyo, zinaelekeza mambo ya kutazamwa kabla ya kuamua kama mtu ameachishwa kazi kwa haki kwa sababu ya utendaji duni. Huulizwa: je, alishindwa kufikia kiwango kilichowekwa? Je, alikijua kiwango hicho, au ilitarajiwa kwa haki awe anakijua? Je, kiwango chenyewe kilikuwa cha wastani? Je, alipewa nafasi ya kujirekebisha? Mwajiri aliyezoea kusema "shughulikia" atajibu nini mbele ya maswali hayo?

Watumishi wa umma nao wanaikumbuka fomu ya MWAMTUKA iliyoanza kutumika mwaka 2004, ambayo siku hizi nafasi yake imechukuliwa na mfumo wa kompyuta. Msingi wake ulikuwa mzuri: mtumishi na msimamizi wake wakae mwanzoni mwa mwaka wa fedha, wakubaliane malengo, wakutane tena katikati ya mwaka kuyapitia, kisha wafanye tathmini mwishoni. Fomu hiyo ikijazwa yote siku moja, mwezi wa Juni, kwa kuwa mtu anatafuta kupandishwa cheo, inabaki karatasi tupu. Kitu kilichokusudiwa ni yale mazungumzo ya mwanzo wa mwaka.

SHAMBANI NA CHOMBONI

Wazee wetu walikuwa na neno lao kwa jambo hili: ngwe. Watu wakienda kulima pamoja, kila mmoja hupimiwa sehemu yake. Mwenye ngwe anajua alipoanzia na atakapoishia, na akimaliza hana haja ya kuuliza kama amemaliza. Tena anaiona ngwe ya jirani yake. Akiona mwenzake amezidiwa na jua, aweza kumsaidia, na kila mtu atajua kuwa huo ni msaada.

Kazi ya watu wengi huharibika zaidi kwenye mpaka wa ngwe na ngwe. Huyu anadhani pale ni pa yule, na yule anadhani pale ni pa huyu, na kichaka kinamea katikati. Katika maandalizi ya futari ya msikitini utakuta mpishi yupo, mgawaji yupo, na mwenye kuleta maji yupo, lakini masufuria yamelala machafu mpaka alfajiri kwa kuwa kuyaosha hakukuwa ngwe ya mtu. Anayepanga kazi na aikague mipaka hiyo kwanza.

Wavuvi wetu wa Msimbati na Msangamkuu hawana ofisi wala fomu. Lakini baharia akipanda chomboni anajua nani nahodha, nani atatupa nyavu, na nani atafua maji ngamani. Mgao nao una utaratibu unaojulikana: gharama hutolewa kwanza, chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na watu wana mafungu yao. Taratibu hutofautiana kati ya chombo na chombo, lakini ndani ya chombo kimoja hazibadilishwi samaki wakiwa wamekwisha pakuliwa ufukweni.

Tuchukue mfano wa korosho, ambazo ndizo ada ya watoto wetu na dawa ya wazee wetu. Mwenye shamba anawaambia vijana watatu, "Nipulizieni salfa, ubwiriunga usiniharibie maua." Agizo hilo ni pungufu. Na aseme hivi: "Shamba lina mikorosho 120. Wewe utapuliza, wewe utachanganua miti iliyopulizwa na isiyopulizwa kwa kuitia alama, na wewe utaleta salfa na mafuta ya mashine. Tuanze alfajiri upepo ukiwa umetulia. Kazi imekwisha pale kila mti utakapokuwa na alama. Ujira ni kwa mti, na mtalipwa siku ile ile jioni. Mnaona inawezekana kwa asubuhi mbili?" Huenda mmoja akajibu, "Mzee, mashine hii imechakaa, kwa asubuhi mbili haitaweza, tupe tatu." Jibu hilo moja limemwokoa mwenye shamba na hasira, na limewaokoa vijana na lawama.

Mkubwa asiyetaka kulisikia jibu kama hilo amejinyima habari. Na mdogo asiyethubutu kulitoa naye ana sehemu yake. Tumelelewa katika adabu ya kumwitikia mkubwa "naam", nayo ni adabu njema. Lakini kuitikia usichokielewa humdanganya yule unayemheshimu. Kijana akipewa kazi, na airudie kwa maneno yake mwenyewe: "Kwa hiyo, mzee, wataka nifanye hili na hili, nikuletee majibu Alhamisi." Kikwazo kikitokea Jumatatu, asisubiri Alhamisi kukisema.

HUYU NI WA NYUMBANI

Tumeyaacha mwisho yaliyo mazito zaidi kwa familia zetu. Kijana anatoka kijijini, Nanyamba au Tandahimba, anakuja mjini dukani kwa mjomba wake. Akiuliza habari ya mshahara, jibu ni, "Wewe ni wa nyumbani, tutaangaliana." Anafungua duka alfajiri, analifunga usiku, anapeleka fedha benki, anakwenda Dar es Salaam kufuata mzigo. Miaka saba ikipita anataka kuoa, anaomba haki yake. Mjomba anahesabu chakula, malazi na nguo alizompa. Kijana anahesabu miaka. Hakuna mwenye karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa unapotea udugu pamoja na mali. Mama wa kijana na kaka yake mama hawazungumzi tena, na watoto wao wanakua wakirithi kinyongo ambacho chanzo chake hawakijui.

Binti wa kazi za ndani hali yake ni ngumu zaidi, kwa kuwa kazi ya nyumba haina ukomo mpaka awekewe ukomo. Je, ametajiwa saa ya kulala? Anajua siku yake ya kupumzika? Amri za serikali za kima cha chini cha mshahara zinawataja wafanyakazi wa majumbani pia, na wengi wetu tunasoma Qur'ani katika nyumba anazozifagia yeye. Tukisema "huyu ni kama mwanetu", tujiulize kama mwanetu wa kumzaa anaamka saa hiyo hiyo.

Aya ndefu kuliko zote katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni ya 282 ya Suratul Baqara, inayoamrisha deni la muda maalumu liandikwe, liwe dogo au kubwa. Ujira uliofanyiwa kazi na haujalipwa ni deni. Kuuandika hakuondoi udugu. Waliokusudia kulipana kwa haki hawaiogopi karatasi.

Tunamwomba kila msomaji mwenye mtu chini yake, dukani, ofisini, shambani, katika kamati au jikoni, afanye jambo moja kabla ya Ijumaa ijayo. Akae naye kwa utulivu amuulize, "Unadhani ninataka ufanye nini, na utajuaje kuwa umemaliza?" Kisha anyamaze asikilize mpaka mwisho kabla ya kusahihisha. Wakikubaliana, waandike mistari mitano, kila mmoja abaki na nakala, na watajiane siku ya kukutana tena kuipitia.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa watimizao ahadi na watunzao amana. Tukutane juma lijalo, Inshaallah.

Wabillahi tawfiq.